Makabidhiano ya Papa Modeste

Inatangazwa kwa umma, kwa Tangazo namba kumi na saba lenye muhuri wa duara na saini mbili, kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi wa tatu Ofisi ya Nakala za Vyeti imehamia kikamilifu kwenye mfumo mpya. Kwamba majina yote ya waliosoma yamehamishwa yakiwa salama. Na kwamba tangu siku hiyo utoaji wa nakala haumtegemei tena mtu yeyote. Tangazo lilibandikwa mlangoni upande wa ndani, kwa kuwa upande wa nje mvua ya Bukavu haiheshimu karatasi.

Tarehe mosi mwezi wa tatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, mtu huyo yeyote aliingia kazini kama kawaida. Jina lake ni Modeste Zagabe, umri wake miaka sitini na sita. Alipita kando ya tangazo bila kulisoma. Alikuwa amelichapa mwenyewe.

Kazi ya ofisi ile ni rahisi kuieleza. Mtu akipoteza cheti chake cha shule kwa moto, kwa maporomoko, kwa kukimbia au kwa panya, anakuja kuomba nakala. Bukavu ni mji wenye bidii katika mambo hayo yote, kwa hiyo foleni haijawahi kuisha. Jina kwenye nakala lazima lifanane na jina kwenye kadi ya mpiga kura, alama kwa alama, maana kila dirisha la serikali lina mtu mmoja ambaye furaha yake ya siku ni kuona kwamba halifanani.

Nakala zilitoka kwenye programu iliyoletwa mwaka 2003 na mtaalamu wa mradi fulani. Mtaalamu alikaa mjini wiki sita, akala sambaza, vile visamaki vya ziwani, akapiga picha za ziwa, akaondoka. Aliacha programu yenye madirisha ya kijivu na vitufe vya kubofya. Kwa siku zile ilikuwa maendeleo, na watu walikuja kutoka ofisi za jirani kuitazama. Kasoro yake ilionekana mtaalamu akiwa tayari kwenye ndege. Alitoka katika nchi ambayo herufi hazivai kofia. Hakuwaza kwamba yupo mtu duniani aitwaye Déogratias, sembuse kwamba wapo mia nne, na wengi wao walimu.

Kwa mashine herufi ni namba tu. Skrini ina orodha yake ya namba na herufi, na printa ya ofisi, ile ya sindano inayogonga utepe wa wino kama inaudai kitu, ina orodha yake nyingine. Kwa herufi za kawaida orodha hizo mbili zinapatana. Kwa é, è, ç na ndugu zao hazijawahi kukutana. Programu haitafsiri. Inapokea namba, inapeleka namba, kama mjumbe asiye na maoni. Ukibonyeza é kwenye kibodi, skrini inakuonyesha é safi kabisa, na karatasi inatoka na Ú.

Mwaka wa kwanza Papa Modeste hakujua la kufanya. Kila alipofika kwenye herufi yenye alama, aliandika alama ya kuuliza, akijiambia kwamba atarudi. Aliandika hivyo majina elfu mbili na zaidi: Andr?, Aim?e, Mo?se. Mwaka wa pili alipata wiki moja ya utulivu. Alishika kitufe cha Alt kwa kidole gumba cha kushoto, na kwa mkono wa kulia, kwenye namba za pembeni ya kibodi, akaandika sifuri kisha namba, moja baada ya nyingine hadi mia mbili hamsini na tano, na kila moja akaichapa aone inatoka nini. Zikatoka kurasa mbili. Namba mia moja na thelathini, ikitanguliwa na sifuri, ilionekana kwenye skrini kama mkato mdogo, lakini kwenye karatasi ilikuwa é. Mia moja thelathini na tano ilionekana kama msalaba wenye mikono minne, na kwenye karatasi ilikuwa ç.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka ishirini. Kwenye skrini yake watu waliitwa D‚ogratias, Fran‡oise na No‰l, na kwenye karatasi walitoka kama walivyobatizwa. Aliandika makosa ili yatoke sahihi. Zile alama za kuuliza za mwaka wa kwanza alizirekebisha moja moja, kila mwenye jina alipojitokeza. Kidole gumba chake cha kushoto kilipinda kidogo, na hakikunyooka tena.

Barua yake ya kustaafu ilifika miaka minne kabla ya tangazo. Aliisoma, akaikunja, akamtanguliza mke wake Georgette na vyombo kwenda kwao Katana, akabaki katika chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Kadutu kwa, kama alivyosema, wiki chache. Lakini katika utawala wetu mtu haondoki tu. Lazima kuwe na remise et reprise, yaani makabidhiano: orodha ya kila kitu, anayeondoka anasaini kwamba ametoa, anayeingia anasaini kwamba amepokea, mkubwa anagonga muhuri. Bila karatasi hiyo aliyestaafu hajastaafu. Ni mtumishi aliyezeeka, basi. Na anayeingia hakupatikana miaka minne.

Georgette alipiga simu kila Jumapili baada ya misa.

«Sasa unakuja siku gani?»

«Bado kidogo.»

«Hiyo kidogo yako iko na myaka ine. Maharagi imeiva mara nane, na kila mara ni miye peke yangu na mugongo yangu.»

«Banatafuta mutu.»

«Ku radio banasema ofisi yenu iko na mashine mupya, haiombe tena mutu.»

«Njo vile banasema.»

«Sasa weye si mutu?»

Papa Modeste alisema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Mfumo mpya ulikuwepo kweli, haki isemwe. Mafundi walikuja na kompyuta za mapajani, wakanyonya majina yote kutoka mashine ya zamani, na walipoona misalaba na mikato katikati ya majina ya Wakristo, wakadhani ni uchafu. Wakausafisha. Katika mfumo mpya Françoise aliitwa Franoise, na Noël aliitwa Nol, na ripoti ya mafundi ilisema usafi umefikia asilimia mia. Nakala za kwanza zilirudishwa na wenyewe siku ya tatu. Siku ya nne mashine ya zamani, iliyokuwa imewekwa nyuma ya pazia, ilitolewa pazia. Hakuna tangazo lililotolewa kuhusu pazia.

Mwezi wa nne hatimaye anayeingia akapatikana. Aliitwa Aurore, miaka ishirini na tisa, shahada ya informatiki, yaani kompyuta, viatu visivyoogopa tope. Papa Modeste alimtazama kama mtu anayetazama gari linalopunguza mwendo kituoni. Alimwonyesha mashine, printa, mahali pa kupiga ngumi utepe ukikwama, na jinsi ya kusubiri dakika kumi na moja mashine iwake bila kuigusa. Hakumwambia habari ya namba. Haikuwa siri. Alikuwa amesahau kwamba ni jambo la kuambiwa, kama vile mtu hamwelezi mgeni kwamba mlango hufunguliwa kwa mkono. Kisha akaenda Katana siku tano kwenye msiba wa shemeji yake, kwa moyo mwepesi kuliko inavyofaa msibani.

Aurore alibaki peke yake na majina yaliyojaa mikato na misalaba. Alikuwa msichana mwenye bidii. Kitufe cha é kilikuwa pale pale, mstari wa juu wa kibodi, na cha ajabu ni kwamba kilikuwa kisafi, kama hakijaguswa tangu kiwandani. Alikigusa. Kwa siku tano alisahihisha majina mia tatu na kumi na mawili, akachapa nakala za walioomba, akazitia kwenye bahasha bila kuzisoma tena, maana kwenye skrini alikuwa ameshaziona.

Wa kwanza kurudi alikuwa mwalimu Déogratias wa Luvungi, mtu wa makamo aliyevaa koti la suti katika joto la uwanda wa Ruzizi na hakuona sababu ya kulivua mlimani. Papa Modeste alikuwa amerudi kutoka msibani asubuhi ileile.

«Mama,» mwalimu alimwambia Aurore, akaweka karatasi mezani, «huyu mutu ya ku karatasi ni nani?»

«Ni weye, papa.»

«Hapana. Miye niko Déogratias. Huyu, soma, anaanza muzuri na D, halafu analia Ú! sawa vile mutu bamemukanyanga mu soko. Directeur wa shule aliniomba nilete cheti yangu. Hakusema nilete ya ule mwenye bamekanyanga.»

Watu wa foleni walicheka. Yule wa nyuma yake alifungua bahasha yake polepole, akatazama, akaacha kucheka.

Papa Modeste alikaa mbele ya mashine, akafungua jina la mwalimu, akaona é nzuri, iliyonyooka, ikimwangalia. Akafungua jina lingine. Halafu lingine. Akavua miwani.

«Ngapi?» aliuliza.

«Mia tatu na kumi na mbili,» alisema Aurore. «Papa Modeste, ju ya nini haukuniambia?»

«Nilizani unaona.»

«Niliona! Niliona majina yote iko mubovu, nikatengeneza.»

«Haikukuwa mubovu.»

«D, mukato, ogratias? Haikukuwa mubovu?»

«Inatoka muzuri.»

«Lakini ku écran iko mubaya!» Aurore aligonga skrini kwa kidole.

«Binti yangu,» alisema Papa Modeste, kwa upole wa mtu aliyechoka kugombana kabla hajaanza, «ni nani anachukua écran anaenda nayo ku nyumba?»

Ilimchukua wiki mbili kurudisha makosa yote mahali pake. Alt, sifuri, moja, tatu, sifuri. Aurore alikaa kando yake akimsomea majina, na katikati ya wiki ya kwanza aliacha kukasirika akaanza kuandika kwenye daftari. Alikuwa ameelewa haraka kuliko mafundi wote, na alielewa pia jambo ambalo Papa Modeste hakuwahi kulifikiria: kwamba kinachoandikwa kwa utaratibu mmoja kinaweza kugeuzwa kwa utaratibu mmoja. Kwa hesabu yake ilikuwa kazi ya siku tatu. Programu ndogo ingesoma kila namba ya zamani, iibadilishe kuwa herufi ya kweli, iipeleke kwenye mfumo mpya, na yule mzee akapande taksi ya Katana.

Walipanda ngazi pamoja kwenda kwa Directeur Bulonza, mkuu wa ofisi. Papa Modeste alikuwa ameoga vizuri siku hiyo.

Directeur aliwasikiliza akiwa amefumba macho, dalili kwamba anasikiliza.

«Mademoiselle, unaniomba ruhusa ya kuhamisha majina.»

«Ndiyo, Monsieur le Directeur. Siku tatu.»

«Majina ilishahama. Tarehe mosi ya mwezi wa tatu. Iko mu tangazo.»

«Ilihama mubaya.»

«Tangazo halisemi mubaya. Linasema salama.» Akafumbua macho. «Nikisaini leo ruhusa ya kuhamisha kitu chenye kilishahama, kesho mukaguzi anakuja, anauliza: sasa, ile ya kwanza, ilihama ikaenda wapi? Weye njo utamujibu?»

Aurore alisema angeweza kumjibu.

«Na mimi, nitajibu nini?» alisema Directeur.

Alikuwa mtu mwema wa kutosha kutosubiri jibu. Akamgeukia Papa Modeste. «Muzee, weye unataka tu kwenda. Aya. Kama mademoiselle anajua kazi, mufanye remise et reprise. Namna ya kuandika herufi haiko mu mambo yangu.»

Basi ikawa hivyo: mashine ya zamani ingeendelea kimya kimya, Aurore angeshika Alt kwa gumba lake la kushoto, na mzee angekwenda zake. Waliweka Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane. Papa Modeste alirudisha ufunguo wa chumba cha Kadutu Alhamisi, jambo ambalo mtu mwenye uzoefu wake hakupaswa kulifanya, na Ijumaa alikuja kazini na begi. Georgette alikuwa ameambiwa saa.

Orodha ilikuwa na vipengele kumi na vinane. Meza moja, mguu mmoja umefungwa waya. Viti viwili, kimoja kwa ajili ya wageni wasio wazito. Mashine moja, printa moja, tepe tatu ambazo mbili zimekauka. Kibodi moja. Kurasa mbili za namba, zimefunikwa plastiki. Aurore alisoma taratibu, akitia alama kwa kalamu, hadi kipengele cha kumi na nane: Majina, jumla elfu themanini na moja, hali nzuri.

Hapo kalamu ilisimama.

«Hii sisaini,» alisema.

Papa Modeste alitazama begi lake. «Ju ya nini?»

«Ju ya alama za kuuliza.» Alifungua daftari. Alikuwa amezihesabu: elfu moja mia tisa na sita. «Hii ya mikato, minajua. Ya misalaba, minajua. Lakini hii ya kuuliza, hakuna namba nyuma yake. Iko kuuliza tu. Aim?e huyu, ni alama gani?»

Alitaja pia shule yake. Papa Modeste hakufikiri. «Huyo wa Katana. Padri wa kule, siku zile, alikuwa anapenda kuweka nukta mbili juu ya kila kitu. Andika nukta mbili.»

«Lakini Aimée haiandikwe na nukta mbili!»

«Mwambie padri. Alishazikwa.»

«Na huyu Mo?se?»

«Minova. Shule iliweka alama, lakini kule kadi za batizo zilikuwa zinaandikwa na katekista. Hakuwekaka alama hata moja. Huyo ni Moise tu, i kavu.»

«Hii yote imeandikwa wapi?»

«Haikuandikwa. Daftari za shule za ule mwaka, panya ilishazikula.»

«Mutu akikuja, si nitamuuliza mwenyewe?»

Papa Modeste alitabasamu kwa mara ya kwanza mwezi ule, na halikuwa tabasamu la furaha. «Benye banakuja ni benye balipoteza karatasi. Unamuuliza jina yake ilikuwa na alama gani, na yeye anakuuliza weye.»

Directeur Bulonza, aliyeshuka na muhuri wake kwenye kikebe, alitazama saa. Alipendekeza maneno hali nzuri yabadilishwe yawe hali ya kuridhisha. Aurore alikataa. Alisema hawezi kupokea kitu ambacho hakimo. Alilisema kwa adabu, akisimama, na ilionekana wazi kwamba hangeketi tena hadi jambo lile liandikwe au mtu mwingine aajiriwe. Papa Modeste, kwa kweli, alikubaliana naye. Ndivyo yeye mwenyewe angefanya miaka ishirini iliyopita, kama mtaalamu angesubiri kukabidhi.

Alikaa kwenye kiti cha wageni wasio wazito, begi magotini. Alifikiria kuanza kuandika yale elfu moja mia tisa na sita. Kwa mwendo wa gumba lake ilikuwa kazi ya miezi mitano, mavuno mengine ya maharagi. Simu iliita mfukoni. Hakuipokea. Ilikatika, ikaita tena.

«Iko Georgette,» alisema, bila kumlenga mtu.

Aurore alivuta orodha, akaigeuza upande ili apate nafasi chini, akaandika mistari miwili kwa mkono, mwandiko wa kusomeka. Akamsogezea mzee. Mzee akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

«Inaruhusiwa kuandika hivi?» aliuliza Directeur, akichungulia.

«Sijue,» alisema Aurore. «Lakini na hii, nasaini.»

«Muzee, unakubali?»

«Andikeni tu,» alisema Papa Modeste. «Gari ya Katana inajaa.»

Walisaini wote watatu. Directeur alipuliza muhuri, akaugonga, akasema hongera, akapanda ngazi. Nakala moja ilikwenda kwenye faili, nyingine kwenye begi. Kipengele cha kumi na tisa kinasomeka hivi: Papa Modeste Zagabe, mmoja. Mahali: Katana. Anapatikana kwa simu siku za kazi, saa mbili hadi saa tisa na nusu. Hali: amechoka, anafanya kazi.